Miadi ya Kucheza, Jumatano Saa Saba na Nusu

Sietse Wijnalda alikuwa mlinzi wa daraja karibu maisha yake yote, na mlinzi wa daraja haongei sana. Boti inapiga honi, unafunga barabara, unainua daraja, boti inapita, unamwambia nahodha "safari njema," unashusha daraja. Siku za kiangazi, boti zikipanga foleni mferejini, aliweza kusema "safari njema" tangu asubuhi hadi jioni, na akirudi nyumbani alijiona mtu aliyemaliza maneno yake ya siku. Mazungumzo ya nyumbani aliyafanya mkewe, Baukje, kwa niaba ya wote wawili.

Kisha daraja likawekewa kamera, likawa linainuliwa na kijana aliyeketi mbele ya skrini katika mji mwingine. Sietse akastaafu. Haukupita muda mrefu Baukje akafariki, na katika ile nyumba ya matofali ukingoni mwa mfereji, kwenye mji mdogo wa Friesland ambao hata Waholanzi wenzake huutafuta kwenye ramani, hakukuwa na mtu tena wa kuongea kwa niaba yake.

Hapo ndipo zilipoingia Jumatano. Binti yake, Hiske, aliachana na mumewe, akarudi mjini kwao na mtoto wa miaka mitano aitwaye Wobbe. Jumatano shule hufungwa saa sita mchana, na Hiske hutoka kazini jioni. Kwa hiyo kila Jumatano Sietse alinyoa ndevu, akavaa koti lake zuri, akaenda kumchukua mjukuu wake langoni. Walikula viazi na kababu, kababu moja kwa kila kichwa. Kisha walikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba wakatazama maji. Bata akipita walisema, "Bata." Kwa Sietse, siku sita nyingine za wiki zilikuwa njia tu ya kufikia benchi lile.

Mwezi wa nne Hiske alikuja bila mtoto, akaketi mezani bila kuvua koti. Sietse akajua kuna jambo.

"Mwalimu ameniita," Hiske alisema. "Anasema Wobbe hana rafiki. Wakati wa mapumziko anasimama ukutani."

"Anafanya nini ukutani?"

"Anatazama wenzake, baba. Anatazama tu. Sijui hilo kalitoa wapi."

Sietse alitazama nje, kwenye mfereji.

"Kile kituo cha watoto pale nyuma ya bwawa la kuogelea kina nafasi Jumatano," Hiske akaendelea. "Wako watoto wengi, wanapika, wanapanda miti. Wanataka jibu kabla mwezi wa tano haujaisha."

"Jumatano ni yangu."

"Najua. Na si kwamba sikutaki. Lakini mtoto wa miaka mitano anashinda na mzee wa miaka sabini, wanatazama maji."

"Maji yana mengi ya kutazama."

"Baba," alisema Hiske, kwa sauti ileile ya marehemu mama yake, "mtafutie mtoto mwenzake. Akipata hata mmoja, Jumatano zibaki kwako. Asipopata, anakwenda kituoni."

Sietse alidhani ni kazi ndogo. Jumatano iliyofuata alifika mapema langoni ili aone mambo yanavyokwenda, na alichokiona kilimshangaza kuliko meli yoyote iliyowahi kupita chini ya daraja lake.

Watoto walitoka darasani tayari wamekwisha kujadiliana nani acheze kwa nani. Kila mmoja alimkokota mwenzake hadi kwa mama yake, na akina mama wakatoa simu kama madalali. "Leo haiwezekani, mpenzi, leo uko kwa Jurre." "Wiki ya kumi na tisa ana daktari wa meno." "Ya ishirini je?" "Ya ishirini tunaye Elbrich, halafu ile inayofuata ni zamu yetu kwenda kwao." Hakuna aliyetaja tarehe, wote walihesabu kwa namba za wiki, kama kiwanda. Msichana mmoja mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka alimwambia mama yake kwa uchungu, "Lakini ulisema nitakuwa na nafasi mwezi huu."

Meya wa mji, aliwaza Sietse, ana nafasi zaidi.

Yeye alikua wakati mtoto anatoka nje, anapiga kelele, na anayesikia anakuja. Ukitaka mtu, unazunguka nyuma ya nyumba yake, unaingia kwa mlango wa jikoni, unapiga hodi ukiwa umekwisha kuingia. Mlango wa mbele ulikuwa wa bibi harusi na wa jeneza. Watu wa rika lake bado waliishi hivyo, na hakuona kwa nini mtoto asiishi hivyo pia.

"Darasani unampenda nani?" alimuuliza Wobbe.

Wobbe alifikiri hadi kona ya pili. "Fieke ana viatu vinavyowaka taa."

"Anakaa wapi?"

"Nyuma ya kanisa. Nyumba yenye mlango wa kijani."

Sietse aliijua nyumba ile. Zamani ilikuwa ya fundi saa, na jikoni mwake aliwahi kunywa kahawa nyingi. Alimshika Wobbe mkono, wakapita uchochoroni, wakafungua geti la nyuma, wakavua viatu kama ada inavyotaka, wakaingia.

"Hodi, kuna watu?" aliita Sietse, akiwa tayari katikati ya jikoni.

Kulikuwa na watu wengi. Mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa ameketi mezani, juu amevaa blauzi ya ofisini na chini suruali ya kulalia yenye picha za sungura. Wengine walikuwa ndani ya kompyuta yake, nyuso zilizopangwa kwa mistari, na zote zikamtazama Sietse. Alisimama mbele yao katika soksi zake za sufu, kidole gumba kimoja kiko nje.

Mwanamume mmoja ndani ya kompyuta alikohoa. "Lidewij, nadhani baba yako amefika."

"Huyu si baba yangu," alisema Lidewij.

"Tumekuja kucheza," alisema Sietse.

Mtu mmoja katika mstari wa chini alizima kamera yake haraka, na si kwa sababu ya heshima.

Lidewij aliinuka, akakumbuka sungura, akaketi tena. Yeye alitoka Utrecht, na Utrecht wageni hubonyeza kengele. "Fieke hayupo," alisema polepole. "Yuko kwa Elbrich. Wana miadi."

"Atarudi saa ngapi?"

"Miadi inaisha saa kumi. Samahani, wewe ni nani?"

Njiani kurudi nyumbani, walipofika mferejini, Wobbe alimvuta mkono. "Babu," alisema, "ungeuliza kwanza."

Jioni ile kulitokea ujumbe katika kundi la wazazi kwenye simu. Haukumtaja mtu. Ulisema tu: "Wapendwa, tukumbushane kwa upendo kwamba kucheza nyumbani kwa mwenzako hupangwa mapema. Asanteni," na mwishoni palikuwa na picha ya ua. Hiske alipousoma hakuhitaji kuuliza ni nani aliyesababisha ua lile. Alipanda baiskeli akaja.

"Umeingia jikoni kwa mtu."

"Mlango ulikuwa wazi."

"Milango ya mji mzima iko wazi, baba."

"Ndiyo ninavyosema siku zote."

"Alikuwa kazini."

"Kazini amevaa sungura?"

Hiske alifunika uso kwa mikono, na ilichukua muda kabla Sietse hajatambua kuwa anacheka. Kisha akawa mkali tena. Alichukua simu ya baba yake, ambayo hadi siku ile ilitumika kuangalia upepo, akamwingiza katika kundi la wazazi. "Utaandika mwenyewe," alisema. "Utaomba radhi, halafu utaomba miadi. Mimi sikuandikii."

Sietse aliandika kwa kidole kimoja hadi kahawa ikapoa. Ujumbe wake ulisema: "Ni Sietse, babu wa Wobbe. Niliingia. Samahani. Fieke anaweza kuja kwetu lini?"

Jibu lilikuja baada ya taarifa ya habari. "Wiki ya ishirini na mbili, Jumatano, saa saba na nusu hadi saa kumi. Mara ya kwanza mimi nabaki naye. Lidewij."

Hiske alihesabu kwa vidole. "Hiyo ndiyo wiki ambayo kituo wanataka jibu. Nitawaambia wasubiri hadi Ijumaa yake."

"Kwa hiyo ni hiyo moja tu."

"Ni hiyo moja tu, baba. Msitazame maji."

Mlinzi wa daraja anajua kusubiri, lakini kusubiri boti hakufanani na kusubiri msichana wa miaka mitano. Sietse alisafisha madirisha, kisha akayasafisha tena. Alinunua biskuti za siagi, akaziweka kwenye kopo la Baukje. Kila Jumatano, kwenye benchi, walifanya mazoezi.

"Akija, utamwambia nini?"

"Sijui."

"Mtacheza nini?"

"Sisi huwa tunacheza nini?" aliuliza Wobbe.

Sietse alitazama mfereji. Bata alipita, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtaja.

Siku yenyewe, dakika chache kabla ya saa saba na nusu, Sietse aliwaona dirishani. Lidewij na Fieke walipita kwa baiskeli mbele ya nyumba, wakaendelea hadi daraja, wakageuka, wakapita tena upande wa pili. Walikuwa wamewahi, na kuwahi ni kuingilia muda wa mtu. Walizunguka hivyo hadi saa ya kanisa ilipogonga nusu. Hapo kengele ya mlango wa mbele ikalia.

Sietse aliganda. Mlango ule mara ya mwisho ulifunguliwa siku Baukje alipotolewa, na tangu hapo rangi ilikuwa imeugandisha kwenye fremu. Alivuta. Aliweka mguu ukutani akavuta tena. Kengele ikalia mara ya pili, kwa adabu.

Akapiga magoti, akafungua kitundu cha mlangoni cha kupitishia barua. Upande wa pili kulikuwa na jicho.

"Hujambo," lilisema jicho.

"Mwambie mama mzunguke nyuma."

"Mama, kuna mzee ndani ya sanduku la barua anasema tuzunguke."

"Nilipita mbele kwa heshima," ilisema sauti ya Lidewij juu. "Sikutaka kuingia tu."

"Ingieni tu," alisema Sietse kwenye kitundu. "Nawaomba mwingie tu."

Alitoka haraka kwa mlango wa jikoni ili awapokee, akazungukia kulia. Wao walizungukia kushoto. Alipofika mbele hapakuwa na mtu. Alipogeuka na kurudi nyuma, mgeni wake alikuwa jikoni, amevua viatu, akiita kwa wasiwasi, "Hodi, kuna watu?"

Fieke alikuwa mtoto wa maelezo kamili. "Siruhusiwi karanga," alimwambia Sietse, "siruhusiwi televisheni, na nikitaka kwenda chooni nitasema. Wobbe yuko wapi?"

Wobbe alikuwa chini ya meza. Alikuwa ameingia huko kengele ilipolia na hakuonyesha nia ya kutoka. Fieke aliinama, akamtazama, akaona hakuna la kuongeza. Alitoa kwenye mkoba mwanasesere mwenye nywele chache, akaketi kwenye zulia, akaanza kumsuka akiwapa wote mgongo.

Sietse alimimina kahawa. Alifungua kopo, akampa Lidewij biskuti moja, akachukua moja, akafunga kopo. Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake.

"Wobbe," alisema, "mwonyeshe mgeni kitu."

Chini ya meza mguu mmoja ukavutwa ndani zaidi.

"Mwonyeshe zile roketi zako."

"Zimevunjika," ilisema meza.

Sietse alihisi Jumatano zinamponyoka vidoleni. Aliona kituo kile nyuma ya bwawa, watoto wamejaa mitini kama matufaha, na Wobbe chini, mgongo ukutani.

"Tuwaache," alisema Lidewij. "Tukiwakodolea macho hawatacheza."

"Basi tufanye nini?"

"Tuongee, mimi na wewe."

Hilo Sietse hakuwa amelifanyia mazoezi. Alikoroga kahawa isiyo na sukari. Kulikuwa na maneno mawili tu aliyoyaamini, na "safari njema" halikuwa jambo la kumwambia mgeni aliyefika sasa hivi.

"Ulikuwa unafanya kazi gani, Mzee Wijnalda?" Lidewij alimsaidia.

"Daraja."

"Ulijenga?"

"Niliinua." Alionyesha kwa mkono, juu, chini. Ilionekana kama kazi isiyo na maana, kwa hiyo akaongeza, "Tulitoza ushuru pia. Kwa kiatu."

"Kwa kiatu vipi?"

"Kiatu cha mbao. Unakifunga kwenye ufito kwa kamba, boti ikipita unakishusha kama unavua samaki, nahodha anatia ushuru wake ndani, unavuta. Siku moja Mjerumani mmoja alitia mkunga, yule samaki kama nyoka."

"Mkunga mzima?"

"Mzima na hai. Nilivuta bila kuangalia, nikatia mkono."

Lidewij alicheka, kahawa ikampita njia isiyo yake. Kwenye zulia, msusi alikuwa amesimamisha kazi.

"Mkunga alifanya nini?" aliuliza Fieke bila kugeuka.

"Alitoka kwenye kiatu, akateremka ngazi, akarudi mferejini. Hakulipa."

"Mwongo," alisema Fieke, akageuka.

"Ni kweli," ilisema meza. "Babu hadanganyi, hajui. Na hapa ndipo daraja lilipo."

Fieke alishuka kwa mikono na magoti akachungulia. "Hapa?"

"Hapa ni chini yake. Boti ndogo tu zinapita."

"Mimi ni boti kubwa."

"Basi subiri. Naliinua."

Sietse alidaka vikombe vyote viwili kabla upande mmoja wa meza haujapanda. Hakuwahi kufikiri kwamba mtoto aliyeshinda akitazama maji alikuwa anaona daraja pia. Lakini Wobbe alijua kila kitu: alipiga kengele kwa mdomo, alisimamisha magari, alimwambia mwanasesere aliyekuwa kwenye baiskeli asubiri kama watu wengine. Kiatu kilikuwa ndala ya Sietse, na ufito ulikuwa ufagio. Ushuru ulikuwa biskuti. Kopo likafunguliwa mara ya pili, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile kwa kahawa moja, kisha mara ya tatu, kisha likaachwa wazi.

"Safari njema," alisema Wobbe kila boti ilipopita.

"Unatakiwa useme na jina la boti," alisema Fieke.

"Hapana. Ni hivyo tu."

Wakubwa walihamia dirishani na vikombe vyao, kwa kuwa meza ilikuwa kazini.

"Nimekaa mji huu mwaka mmoja na nusu," alisema Lidewij, "na wewe ndiye mtu wa kwanza kuingia jikoni kwangu bila kuandikwa."

"Nilikwisha kuomba radhi."

"Sidai radhi. Wenzangu kazini wanakuulizia kila Jumatatu. Baba hajambo? Soksi imeshonwa?"

Sietse alitazama kidole chake gumba. Haikuwa imeshonwa. "Mke wangu ndiye alikuwa anashona."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Hakuna aliyemuuliza swali hilo kwa muda mrefu, kwa sababu mji mzima ulilijua jina. Alilitaja. Halafu, bila kupanga, akaeleza jinsi Baukje alivyokuwa akileta chakula darajani kwenye kikapu cha baiskeli, akaongea na mabaharia hadi foleni ikafika kanisani. Lidewij akamweleza kuhusu Utrecht, dada zake watatu, ngazi iliyojaa baiskeli za watu. Alisema siku nyingine sauti pekee ya mtu mzima anayoisikia hutoka kwenye kompyuta.

"Sasa unafikiri hii miadi ni ya Fieke peke yake?" alisema. "Mwenzio naitafuta kuliko yeye. Yeye ana viatu vinavyowaka, wanamfuata wenyewe. Mimi nikisimama pale langoni, bila simu mkononi sijui niweke wapi macho."

Kabla Sietse hajajibu, kilio kikapasua chumba. Fieke alitaka sasa awe mlinzi na Wobbe awe boti. Wobbe alisema boti hawezi kuwa mlinzi, sheria haipo. Fieke alimpiga kwa ndala. Wobbe alimnyang'anya mwanasesere akamtupa mferejini, yaani kwenye zulia, na wote wawili wakalia kwa sauti ambazo Sietse hakujua kuwa zimo ndani ya watoto.

Ilikuwa saa kumi kasoro kidogo. Aliketi kwenye kiti kama mtu aliyeshushiwa daraja kichwani. "Basi," alisema. "Imekwisha."

"Nini imekwisha?"

Ndipo alipomweleza habari za kituo, na jibu la Ijumaa. Lidewij alisikiliza huku akimvalisha Fieke koti, mkono baada ya mkono, juu ya vilio.

"Fieke akipigana na mtu, ujue amempenda," alisema. "Nyumbani kwa Elbrich huwa mpole kama mgonjwa." Alisimama mlangoni pa jikoni, akavaa viatu. "Jumatano ijayo ni zamu yetu kumkaribisha Wobbe. Saa saba na nusu."

"Wiki ya ishirini na tatu," alisema Sietse, akajishangaa.

Hiske alipokuja jioni hakumuuliza baba yake, alimuuliza mtoto. "Ilikuwaje?"

"Mbaya," alisema Wobbe. "Fieke hajui kabisa mambo ya daraja. Itabidi nimfundishe Jumatano."

"Kwani unataka aje tena?"

"Mimi ndiye naenda. Mama, ni zamu yao," alisema Wobbe, kwa uchovu wa mtu anayemweleza mgeni desturi za nchi.

Hiske alimtazama baba yake, kisha kopo tupu, kisha baba yake tena. Ijumaa aliwaandikia watu wa kituo kwamba nafasi wampe mtoto mwingine.

Kwa hiyo Sietse alishinda. Jumatano ya ushindi alinyoa, akavaa koti zuri, akamchukua mjukuu langoni, wakala kababu zao, wakaenda nyumba ya mlango wa kijani. Lidewij alikuwa ameanza kikao, akapunga mkono toka mezani. Fieke alimvuta Wobbe ndani. Sietse aliinama avue viatu, na Wobbe akageuka kwenye ngazi.

"Babu, wewe unaweza kwenda."

"Mara ya kwanza mkubwa anabaki."

"Hiyo ni kwa watoto wadogo," alisema Wobbe. "Uje saa kumi."

Alirudi nyumbani akaketi kwenye benchi. Jumatano aliyoipigania majuma yote yale ilikuwa imekaa kando yake, tupu, haina hata mtu wa kumwambia "bata." Alioga. Alishona soksi, vibaya. Hiske alipiga simu wakati wa mapumziko yake.

"Mnaendeleaje huko?"

"Wobbe ana shughuli."

"Na wewe?"

"Mimi nimeambiwa nije saa kumi," alisema Sietse.

Hiske hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alipokata simu alibaki nayo mkononi. Alifungua kundi la wazazi, akasoma yote aliyokuwa akiyaruka: mtu anayetafuta mwenzake wa Jumatano, mtu ambaye miadi imevunjika kwa tetekuwanga, mama mmoja aliyeandika asubuhi, "Nani ana nafasi leo? Yeyote?" na hakujibiwa. Mtu anayeandika "yeyote," aliwaza, hatafuti kwa ajili ya mtoto tu. Akaandika kwa kidole kimoja: "Ni Sietse. Jumatano nina nafasi ya watoto wawili. Hata wanne. Wakubwa wabaki, kahawa ipo. Mlango wa mbele haufunguki, zungukeni nyuma."

Alipokwenda kumchukua Wobbe saa kumi, simu ilikuwa inatetemeka mfukoni kama mkunga.

Mwezi wa sita ukasonga. Jumatano, kwenye ukingo ule wa mfereji, baiskeli zilijaa hadi jirani akalalamika, naye akaitwa kunywa kahawa. Meza ilipoteza mguu mmoja kazini. Akina mama waliketi dirishani pamoja na baba mmoja mwembamba aliyekuja mara ya kwanza kwa dakika kumi, na Sietse alikuwa akiwaeleza habari ya mkunga, ambaye kila wiki alikuwa anarefuka kidogo. Langoni mwa shule, mama mgeni alimsogelea na simu yake. Sietse akavaa miwani.

"Ya ishirini na sita imejaa," alimwambia. "Ya ishirini na saba naweza kukupenyeza."

Alhamisi moja jioni Hiske alimpitisha Wobbe kuchukua koti alilolisahau. Mtoto alilichukua lakini hakuondoka. Alizunguka meza yenye mguu mpya, akagusa kopo, akasimama.

"Babu, Jumatano wanakuja nani?"

"Jurre na mama yake. Elbrich. Wale mapacha."

"Na Jumatano ile nyingine?"

"Ile nyingine ni Fieke."

Wobbe alivuta zipu ya koti juu, akaishusha. "Mimi na wewe tutakaa lini nje, wawili tu?"

Sietse alitaka kusema sasa hivi. Lakini Hiske alikuwa anapiga kengele ya baiskeli uchochoroni, chakula chao kilikuwa mezani saa kumi na mbili kama cha watu wote, na mtoto alikuwa ameuliza vizuri, kama inavyotakiwa. Akatoa simu, akavaa miwani, akapekua wiki zake kwa kidole kimoja.

"Jumamosi," alisema. "Saa nne asubuhi?"

Wobbe alifikiri. "Hadi saa ngapi?"

"Hilo tusiliandike," alisema Sietse.